Dawa ya Mahindi Haipakwi Kichwani

Kazi yangu ni kuuza sumu. Duka langu la pembejeo lipo Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, si mbali na soko la mahindi. Cheti cha mafunzo kimetundikwa ukutani, leseni ipo chini yake, na chini ya leseni nimebandika karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene: HATUPIMI DAWA KWA KIJIKO. Karatasi hiyo imenifukuzia wateja wengi kuliko kukataa kukopesha.

Wanaonijia ni watu wa alizeti, mtama, uwele, karanga na mahindi. Wanakuja na kesi za fukusi, za viwavi, na za dumuzi, yule mdudu aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wakambatiza Scania. Hizo ni kesi zangu, ninazimudu. Lakini kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, huja swali jingine ambalo halikuwamo kwenye mafunzo niliyopewa. Huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, wakati wa kupokea chenji.

"Mama, samahani. Huu unga nikimpaka mjukuu kidogo kichwani kuna ubaya? Ana mapunye, tumehangaika naye."

"Usimpake, mdogo wangu."

"Hata nikiuchanganya na mafuta?"

Hapo kwenye mafuta ndipo ninapotoka nyuma ya kaunta, nikavuta kiti, tukakaa. Swali la mafuta lina jibu refu. Na magazeti yetu yakiandika habari za viuatilifu huishia kwenye nyanya na kabeji. Kichwani mwa mtoto hayafiki.

Kwanza nimwondolee huyo bibi lawama. Wazo la kupaka mwilini sumu ya wadudu halikuzaliwa hapa kwetu Ugogoni. Majira ya baridi ya mwaka 1943 kuingia 1944, mji wa Naples huko Italia ulishikwa na tifasi, homa kali inayoenezwa na chawa wa nguo. Majeshi ya Marekani na Uingereza yaliyokuwa yameuteka mji yakawapanga wananchi mistari na kuwapulizia unga wa DDT: shingoni, ndani ya mikono ya shati, kiunoni. Walipuliziwa watu zaidi ya milioni moja na ugonjwa ukakatika. Picha zake zilizunguka dunia. Miaka michache baadaye, katika vita vya Korea, askari walipakwa unga uleule na chawa wakaendelea kutembea, walikuwa wameshauzoea. Ikatafutwa sumu nyingine ya kushika nafasi yake, nayo ni hii ninayotaka tuizungumze: lindeni.

Mwingereza Michael Faraday, yuleyule wa mambo ya umeme, ndiye wa kwanza kuitengeneza, mwaka 1825, asijue kwamba inaua mdudu. Jina linatokana na Mholanzi Teunis van der Linden, ambaye mwaka 1912 alizitenganisha sehemu zake. Nguvu yake kwa wadudu ilikuja kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kiwandani haitoki peke yake. Hutoka mchanganyiko unaoitwa BHC, na humo ndani lindeni, ambayo ndiyo yenye makali, ni kama sehemu moja tu ya nane. Ukitaka tani moja ya lindeni safi, unabakiwa na tani sita hadi kumi za takataka yenye sumu isiyo na kazi yoyote. Takataka hiyo muikumbuke, nitaifikia.

Wakati wazazi wa Marekani na Ulaya walipokuwa wakiandikiwa na daktari losheni na shampuu yenye asilimia moja ya lindeni kwa ajili ya upele na chawa, huku kwetu ukoo huo wa sumu ulifika kwa njia ya ng'ombe, mbegu na nzige. Ulikuwamo katika dawa za kupaka mbegu kama Fernasan D. Ulichanganywa na pumba kuwa chambo cha nzige. Na ulikuwa joshoni.

Baba yangu alikuwa mtu wa josho. Enzi zake dawa ya josho ilikuwa toksafeni, ndugu wa karibu wa lindeni. Wazee waliomtangulia walikuwa wametumia aseniki, kisha BHC. Ng'ombe anatumbukia, anaogelea, anatokea upande wa pili anang'aa na kupe wanadondoka. Mtu aliyeona hayo kwa macho yake, na nyumbani ana mtoto anayejikuna usiku kucha, utamwambia nini akuelewe? Jioni baba alipokuwa akifunga josho, wanawake walikuja na makopo kuomba maji ya kuogeshea mbwa, na kijiji kizima kilijua kwamba makopo yale hayaishii kwa mbwa. Aliwafukuza. Wakamwita mchoyo wa mali ya serikali. Kemia hakuijua baba, lakini alishaona mbwa walioogeshwa kwa maji yale wakitetemeka hadi wanaanguka.

Sasa turudi kwenye mafuta. Lindeni, DDT, aldrini, dieldrini na toksafeni ni sumu za ukoo wa klorini. Kwenye maji haziyeyuki, au huyeyuka kidogo sana. Kwenye mafuta huyeyuka upesi. Na mwili wa binadamu una mafuta kila mahali: chini ya ngozi, ndani ya ubongo, kwenye maziwa ya mama. Ngozi yetu imeumbwa kuzuia maji, ndiyo maana ukinyeshewa huvimbi. Kwa sumu inayopenda mafuta, ngozi hiyohiyo ni chujio la chai. Ukiichanganya na mafuta ya alizeti au mafuta ya kujipaka, hujaipunguza makali, umeipa usafiri.

Watafiti waliwahi kupaka lindeni kwenye mikono ya watu wazima waliojitolea, wakapima kiasi kilichopita. Karibu sehemu moja ya kumi iliingia mwilini. Hiyo ni ngozi nzima, kavu, ya mtu mzima. Ngozi iliyochunika kwa kujikuna hupitisha zaidi, na iliyotoka kuogeshwa maji ya moto vilevile. Mtoto naye, ukilinganisha na uzito wake, ana ngozi nyingi kuliko mimi na wewe, kwa hiyo kipimo kinachompitia mtu mzima bila kelele, kwa mtoto wa kilo nane ni jambo lingine kabisa.

Ikishaingia inakwenda kwenye neva. Ubongo una kemikali ya kuzituliza neva zisiwake ovyo; lindeni inaizuia kemikali hiyo isifanye kazi yake. Ndivyo mdudu anavyokufa, akipiga miguu hewani. Mtoto naye huanza na kizunguzungu, kutapika na kutetemeka, kisha anashikwa na degedege. Huku kwetu degedege likimpata mtoto, mshukiwa wa kwanza ni malaria na wa pili ni jirani. Sijawahi kusikia mtu akiuliza: asubuhi alipakwa nini?

Nchi zilizokuwa zikiiandika kwa cheti cha daktari zilianza kurudi nyuma kidogo kidogo. Jimbo la California huko Marekani lilizuia losheni na shampuu za lindeni kuanzia mwaka 2002, na sababu kubwa ilikuwa maji: ukimwosha mtoto, sumu inakwenda na maji machafu, na mitambo ya kusafishia haiitoi yote. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru onyo zito kabisa liwekwe kwenye kila chupa, likitaja degedege na vifo, na ikasisitiza tahadhari kwa watoto na kwa mtu yeyote mwenye uzito chini ya kilo 50. Halafu mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, likaiweka lindeni katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi ulitoka kwa wakulima na wafanyakazi walioishika kwa miaka, na saratani yenyewe ni ya mfumo wa limfu. DDT iliwekwa hatua moja chini yake.

Kisheria, mambo yalikwenda hivi. Mkataba wa Stockholm unaohusu sumu zisizooza ulipitishwa Mei 2001 na kuanza kufanya kazi mwaka 2004, mwaka ambao Tanzania nayo iliuridhia. Orodha ya kwanza ilikuwa na DDT, iliyoachiwa kazi ya kupambana na mbu wa malaria, pamoja na aldrini, dieldrini na toksafeni ya baba yangu. Lindeni iliongezwa Mei 2009. Hata hapo iliachiwa mlango mdogo, wa muda tu: dawa ya chawa na upele pale dawa nyingine zinaposhindwa.

Upande wa vipodozi hakukuwa na mlango. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya vipodozi, namba 1223 ya mwaka 2009, ina kiambatisho kirefu cha vitu visivyoruhusiwa kutiwa kwenye kitu cha kupaka, kuoshea nywele au kujiremba. Humo wamo BHC, DDT, aldrini, dieldrini na toksafeni, wote wa ukoo ule. Afrika Mashariki nayo ina orodha yake ya vitu vilivyokatazwa kwenye vipodozi, kiwango EAS 377, sehemu ya kwanza. Nilipoiona orodha ya Ulaya mara ya kwanza nilicheka peke yangu dukani. Nani mwenye akili zake atatia dieldrini kwenye losheni? Kisha nikakumbuka yale makopo ya josho. Sheria haikatazi jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya au kulifikiria.

Basi kwenye karatasi tuko vizuri. Kopo likiandikwa mafuta ya ngozi, mwenye kulikagua ni Shirika la Viwango, TBS, lililokabidhiwa vipodozi mwaka 2019 baada ya kazi hiyo kuondolewa kwa iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Likiandikwa dawa ya upele, ni la TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Likiandikwa dawa ya mahindi, ni la TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao yake Arusha. Kila kopo lina mlezi. Lakini bibi yangu akishatoka dukani na kopo la mahindi, akafika nyumbani akalifungua juu ya kichwa cha mjukuu, kopo limehama ofisi bila barua. Pale kibarazani hakuna mkaguzi. Yupo yeye, mtoto, na kile alichoambiwa dukani, kama aliambiwa kitu.

Sumu kuhama kutoka shambani kwenda mwilini si hadithi ya lindeni peke yake. Zebaki imefanya safari hiyohiyo. Mwishoni mwa mwaka 1971 serikali ya Iraq iliagiza ngano na shayiri za mbegu zilizopakwa dawa ya ukungu yenye zebaki. Zilitiwa rangi ili watu wajue si za kula, na maandishi kwenye magunia hayakuwa ya lugha yao. Mbegu ilifika msimu wa kupanda umepita, njaa ipo. Watu wakaosha, rangi ikatoka, wakaona imekuwa safi, wakasaga, wakaoka mikate. Rangi ilikuwa imetoka, zebaki haikutoka. Hospitali zilipokea wagonjwa 6,530 na watu 459 wakafia humo. Nimewahi kumwona mtu hapahapa Kibaigwa, mwaka wa njaa, akiosha mahindi ya mbegu yaliyobaki mpaka rangi ikaisha, akayaanika kwa ajili ya kusaga. Nilimsimulia ya Iraq. Akanisikiliza vizuri, akaniuliza hiyo Iraq walikuwa na mahindi ya msaada au hawakuwa nayo. Sikuwa na jibu la kumlisha.

Zebaki hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha uso, zile za mkorogo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, umeviweka viuatilifu vya zebaki na vipodozi vya zebaki katika jedwali moja la vitu vya kukomeshwa, mwisho mwaka 2020. Sikushangaa kuvikuta vimekaa pamoja. Dada anayenunua krimu isiyo na lebo ya maana, na mkulima anayenunua unga uliofungwa kwenye nailoni, wanafanyiwa biashara moja.

Na sasa niseme linaloniudhi. Mteja anasikia redioni kwamba dawa fulani imepigwa marufuku, anatoka pale ameelewa kuwa zilizobaki ni salama. Anakuja kuniambia, "Lakini hii mama haijakatazwa." Ni kweli haijakatazwa. Imeruhusiwa kuua dumuzi ndani ya gunia la mahindi. Unga mwingi wa mahindi tunaouza siku hizi si wa ukoo wa lindeni. Una kiuatilifu cha ukoo wa fosforasi kilichochanganywa na permethrini. Hivi haviozi polepole kama DDT, na hilo ni jambo jema kwa udongo. Kwa mtoto aliyepakwa kwa wingi, kile cha fosforasi kina hatari yake: mate yanamwagika, machozi, jasho, mboni za macho zinasinyaa, kifua kinajaa, pumzi inakuwa ya taabu. Kwenye lebo kuna mkanda wa rangi unaopanda kwa hatari: kijani, buluu, njano, nyekundu. Kijani si ruhusa ya kupaka.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliwahi kunibana. Alisema permethrini ninayomkataza kupaka ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye krimu ya upele ya hospitali, kwa nini namsumbua? Hoja nzuri, na wengi hawaijui. Krimu ya hospitali ina permethrini asilimia tano, peke yake, imetengenezwa kwa ngozi na kupimwa kwa ngozi. Kopo langu lina permethrini pamoja na mwenzake wa fosforasi, zimebebwa na unga wa mawe uliosagwa kwa ajili ya kushika punje. Jina ni moja, vitu ni viwili. Alikubali, ila aliondoka akiwa amenuna, kwa sababu krimu ni ghali kuliko unga, na hapo alikuwa na haki ya kununa.

Huku mnadani hali ni mbaya zaidi kuliko dukani. Ukienda mnada wowote wa ukanda huu utamkuta kijana na beseni la unga mweupe au wa kijivu, anapima kwa kijiko na kufunga kwenye nailoni. Kunguni, chawa, viroboto, fukusi, panya, yote anayatibu kwa beseni moja. Ukimwuliza jina la dawa anakutajia bei. Inaweza kuwa dawa halali iliyopunjwa kwa majivu. Inaweza kuwa masalia ya miaka ya nyuma kutoka ghala la mtu. Yeye mwenyewe hajui. Simchukii, anatafuta ugali kama mimi, lakini sitamsalimia kwa mkono.

Ubaya wa nailoni ile unaonekana hospitali. Sumu ya fosforasi ina dawa yake, atropini, na daktari akiijua mapema anaokoa mtu. Lindeni na ndugu zake hazina dawa ya kuzitengua. Hapo daktari anatuliza degedege, anasaidia pumzi na kusubiri. Kwa hiyo jambo la kwanza daktari anataka kujua ni jina. Ukimpelekea mtoto na kopo lenye lebo, umempelekea nusu ya tiba. Ukimpelekea mtoto na maneno "ni unga tu, mweupe", inabidi abahatishe kutokana na mboni za macho na jasho. Kabla ya kutoka nyumbani mvue nguo zilizoshika dawa na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe uvae mifuko ya nailoni mikononi kama huna glavu. Usimpake mafuta. Na maziwa, ambayo kila nyumba hukimbilia, usimpe: maziwa yana mafuta, na kwa sumu za ukoo wa klorini mafuta ndiyo njia yake.

Nikimaliza hayo yote, bibi hunikodolea macho akisubiri nimwambie basi apake nini. Kwanza namwambia kwamba mapunye si wadudu. Ni ukungu ulioingia kwenye ngozi ya kichwa na mizizi ya nywele, hivyo hata angemwaga kopo zima la dawa ya fukusi ungebaki palepale. Yanatibiwa kwa vidonge vya kumeza vya hospitali, kwa wiki kadhaa, na watu wengi huacha katikati nywele zikianza kuota. Upele kweli ni mdudu, mdogo asiyeonekana kwa macho, anayechimba ndani ya ngozi. Zahanati zetu zina BBE, ile losheni nyeupe inayochoma kidogo, na mahali pengine krimu ya permethrini. Ila wapakwe wote wa nyumba ile siku moja, hata asiyejikuna, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Ukimtibu mmoja tu, mnaambukizana upya hadi mvua zinyeshe. Chawa wa kichwani kiwembe kinamaliza. Asiyetaka kunyoa achane kwa chanuo la meno membamba kila siku, na kuna losheni zake maalumu.

Niongeze jambo la ghalani kwa sababu mwaka 2016 lilinipa shida. Watu walikufa Chemba, Kondoa, na ng'ambo kule Kiteto, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Wateja wangu wakaja mbio kununua unga zaidi, wakidhani wakizidisha dawa watajikinga. Sumukuvu hutokana na ukungu, na ukungu hauogopi dawa ya wadudu. Kinachosaidia ni kukausha vizuri, kutoanika chini kwenye vumbi, kuchambua punje zilizovunda, na kuhifadhi pakavu. Mahindi yakikauka sawasawa na kufungwa kwenye mifuko ya PICS isiyopitisha hewa, wadudu wanakufa kwa kukosa pumzi na huhitaji unga wangu. Ninaiuza mifuko hiyo. Faida yake kwangu ni ndogo, kwa sababu mfuko mmoja mtu anautumia misimu kadhaa, lakini nyumba yenye mifuko haina kopo la kumjaribu mtu.

Nilisema nitafika kwenye takataka. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu, sehemu yake vikiwa vimeshapitwa na muda, ilitoka Ugiriki kama msaada ikafikia shamba la Vikuge, Kibaha. Iliwekwa kwenye banda la wazi la majani ya mifugo. Banda likaoza, likaanguka, mvua ikaingia. Ilikuja kuondolewa mwaka 1996, miaka kumi baadaye. Watafiti walipochimba udongo pale baada ya usafi huo walikuta bado umejaa DDT na BHC, yenye ile takataka ndani yake, na mahali pengine zaidi ya robo ya udongo wenyewe ilikuwa sumu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Na huko Arusha, wataalamu walipopima maziwa ya akina mama wanaonyonyesha walikuta mabaki ya DDT. Mama asiache kunyonyesha kwa sababu hiyo, wataalamu wa afya wamelisema hilo wazi. Ila mabaki hayo yanaonyesha jinsi sumu hizi zinavyokaa.

Kwa hiyo ukikuta kopo la zamani kwa babu yako, la BHC au DDT au lisilosomeka, usilichome moto, usilizike, usilimwage chooni. Liweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na watoto na kisima, umwite afisa kilimo wa kata awasiliane na TPHPA. Mwaka juzi mzee mmoja kutoka upande wa Mpwapwa aliniletea la kwake, la bati, limeshika kutu, nusu limejaa, amelirithi kwa baba yake na alikuwa akilitumia kwa viroboto wa mbuzi. Tulilifunga, tukaandika maelezo, afisa akaja kulichukua. Mzee alisaini vizuri kabisa. Kisha akaniita pembeni kuniuliza kama wakishamwaga iliyomo watamrudishia kopo lake, maana lina mfuniko unaobana, na kwake anaweka chumvi.